Safari ya maziwa

Haikuwa hata kilomita mbili. Nilikuwa nimerudi kutoka Nakaseke saa kumi na moja jioni, nimechoka, nimekwisha kuvua kila kitu: jaketi, glovu, buti. Miguu iko kwenye ndara. Nikakuta hakuna maziwa ya chai. Nikachukua helmeti peke yake pale msumarini, nikawasha pikipiki.

Karibu na mahali ambapo barabara yetu ya vumbi inaingia kwenye lami ya Kampala–Gulu, mbuzi alikatiza mbele yangu. Nilikamata breki ya mbele juu ya changarawe. Tairi likateleza, nikaenda chini, na mikono ikatangulia. Mtu akianguka mikono hutangulia tu, haingoji kuambiwa.

Kichwa hakikuguswa. Goti lilichubuka kidogo. Lakini viganja vyote viwili vilichunika, na pale chini ya dole gumba la kulia ngozi ilikuwa imekunjamana kama ganda la nyanya lililopikwa. Kliniki, muuguzi aliniambia, "Vumilia, dada," kisha akaanza kusugua kwa brashi na maji, kwa sababu mchanga ukiachwa ndani ngozi hufunga juu yake na madoa hayatoki tena. Changarawe kubwa alizitoa kwa kibano, moja moja, akizidondosha kwenye kisahani cha chuma. Kila moja ililia. Nilihesabu hadi 19, nikaacha kuhesabu.

Wiki tano sikuweza kujifunga mtandio. Sikuweza kukanda unga, kufungua kifuniko cha chupa, wala kuandika risiti. Haboba, bibi yangu, ndiye aliyeniosha uso kila alfajiri kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, mimi mwanamke wa miaka 34. Sijasahau namna alivyokuwa akiupitisha taratibu kwenye nyusi, kama anaosha mtoto mchanga.

Kwa wasionijua: ninaishi Bombo, Uganda, na ninauza dawa za mifugo, hasa dawa za kupe na za minyoo. Wafugaji wananiita musawo, yaani daktari, ingawa mimi ni mfanyabiashara tu. Barabara kuu ya kwenda Gulu ndiyo inayopitwa na malori ya Sudan Kusini. Lori likikupita upepo wake unakusukuma pembeni, na ukikutana na lingine mbele yake unajikaza usihame mstari. Kwa safari hizo mimi huvaa kila kitu, hata jua likiwaka. Watu wa hapa wamezoea kuniona hivyo.

Basi swali lililonitesa nikiwa nimelala na mikono iliyofungwa bendeji ni hili: je, niliamua kuacha glovu siku ile? Ukweli ni kwamba sikuamua. Sikuwaza kabisa. Ufupi wa safari ulinifanya nisiwaze. Ninaposikia watu wakisema kuvaa nguo za kinga ni hiari ya mtu, ninakubali, ni hiari yake. Ila hiari yangu siku ile sikuitumia.

Mwaka 2011 ulitoka utafiti wa Australia, wa Liz de Rome na wenzake, uliofuatilia madereva 212 wa pikipiki waliopata ajali. Waliokuwa wamevaa glovu za pikipiki walipungukiwa na uwezekano wa kulazwa hospitali kwa asilimia 59, waliovaa suruali maalumu kwa asilimia 51, na waliovaa jaketi maalumu kwa asilimia 21. Glovu ziliongoza! Kitu kidogo kuliko vyote, kinachoingia mfukoni. Utafiti huohuo ulisema pia kwamba zaidi ya robo ya majaketi, suruali na glovu ziliharibika kiasi cha kushindwa kazi katika ajali, na hilo lazima nilitaje, maana nguo si ngao. Inazuia lami isile ngozi yako. Lori likikukanyaga, jaketi halitasema kitu.

Hesabu nyepesi: ukienda kilomita 40 kwa saa, unapita mita 11 kila sekunde. Fikiria kiganja kinaburuzwa mita 11 juu ya lami. Jinzi ya kawaida hutoboka ndani ya muda mfupi mno. Ngozi nene ya ng'ombe iliyoshonwa vizuri hustahimili zaidi, na ndiyo maana jaketi zuri linashonwa mistari miwili mitatu ya uzi kwenye kiwiko na bega, kisha huwekwa vipande vigumu ndani. Langu nilipata kwenye mitumba ya soko la Owino, Kampala, kwa shilingi 250,000, baada ya kwenda huko mara nne.

Vijana wa bodaboda wa steji yetu nao huvaa majaketi, yale mazito ya baridi ya Ulaya, wameyavaa kinyumenyume, zipu mgongoni, ili upepo usiwapige kifua. Mmoja aliniuliza bei ya langu. Nilipomtajia akanyamaza kidogo, akasema, "Musawo, hiyo ni hesabu ya mwenye pikipiki ya wiki tatu." Sikuwa na la kumjibu. Anatoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa tatu usiku, na kabla hajanunua chakula cha watoto fedha ya mwenye pikipiki iwe imetoka. Kumwambia kijana huyo kwamba hajali maisha yake ni kumkosea adabu.

Lakini glovu tulizizungumza. Wiki mbili baadaye watatu walinunua glovu za ngozi za mafundi wa kuchomelea, za bei ndogo. Hazikutengenezwa kwa ajili ya pikipiki, na walilalamika kwamba klachi haishikiki vizuri. Wakatafuta nyingine nyembamba zaidi. Ninazipendelea hizo kuliko kiganja kitupu, nami nasema hivyo kwa viganja vyangu.

Na helmeti tulizikagua. Niliwaonyesha kubonyeza povu jeupe la ndani kwa dole gumba: liwe gumu, liwe nene, maana ndilo linalobonyea badala ya fuvu, na likishabonyea mara moja kazi yake imekwisha. Helmeti moja haikuwa na povu hata kidogo, ni plastiki na kitambaa tu. Mwenyewe alikuwa ameivaa miaka miwili.

Kwa abiria, hapo simwachii mtu hiari. Kanuni za Uganda tangu 2004 zinamtaka dereva na abiria wake wote wavae helmeti, lakini hata zisingekuwepo, anayekaa nyuma yangu hashiki breki wala haoni mbuzi. Nilinunua helmeti ya pili. Mtoto wa kaka yangu alikataa kuivaa kwa sababu ya nywele alizosuka, nikamwacha atembee hadi shuleni, na kaka akanuna siku nzima.

Haboba alikuwa mgumu zaidi. Anapenda kwenda Wobulenzi kumwona dada yake, na helmeti alisema inamharibia tarha, mtandio wake. "Mjukuu wangu, ajali haina kinga," akaniambia. Nikamkumbusha maneno aliyonifundisha yeye mwenyewe nikiwa mdogo, ya Mtume kwa yule Bedui: mfunge ngamia kwanza, kisha umtegemee Mungu. Hakujibu. Tukaenda kwa taksi, siku ile na mara nyingine mbili baadaye, na nauli nililipa mimi.

Ijumaa iliyopita nilirudi mapema. Nilimkuta ameketi mkekani barazani, helmeti ya pili iko mapajani, anabonyeza povu la ndani kwa dole gumba, huku na huku, kwa makini, kama anavyochagua parachichi sokoni. Alisikia pikipiki lakini hakuinua uso.

"Huu mkanda," akasema, "unapita juu ya tarha au chini yake?"