Nilivyomfundisha farasi wangu kusimama bila kuvutana

Kwa miezi mingi nilikuwa namsimamisha farasi wangu kwa mabavu. Mimi navuta hatamu, naye anavuta upande wake. Nikizidisha nguvu anaachama kinywa, anarusha kichwa juu na bado anapiga hatua sita saba mbele. Siku moja nilipomvua lijamu, kile chuma cha kinywani kinachoshikishwa hatamu, nikaona pembe za midomo zimechubuka. Iliniuma sana, maana jeraha lile lilikuwa la mikono yangu.

Nilianza na daktari wa mifugo, kwa kuwa farasi anayepigana na lijamu huenda ana maumivu. Kweli, magego yalikuwa na ncha kali upande wa mashavu, akayasawazisha kwa tupa. Alinionyesha pia lijamu linapokaa: juu ya ulimi na kwenye ule mwanya usio na meno, ufizi mtupu juu ya mfupa. Tangu nilipoona pale, mkono wangu haukuweza tena kuvuta kama zamani.

Midomo ilipopona nikaanza upya, nikiwa chini, nimesimama kando ya bega lake. Nilishika hatamu, nikakaza vidole polepole kama mtu anayekamua kitambaa, kisha nikatulia hapohapo bila kuongeza wala kupunguza. Mwanzoni aliegemea mkono wangu. Nikangoja. Baada ya muda taya ikalegea na uzito ukarudi nyuma kidogo, kidogo mno, nami nikaachia papo hapo. Kazi yote imo katika kule kuachia. Farasi hujifunza kutokana na kile alichokuwa akikifanya wakati mkazo unaondoka, kwa hiyo ukichelewa sekunde 2 tu anaweza kuwa amekwisha kuinua kichwa, na ukawa umemfundisha hicho.

Nilipopanda, niliweka mpangilio mmoja na sikuuvunja: natoa pumzi, nakaa mzito kwenye tandiko, kiuno kinaacha kufuata mwendo wake, na vidole vinakuja mwisho. Akisimama, vidole vinafunguka. Tulifanya hivyo katika mwendo wa kutembea tu, dakika 10 au 15 kwa siku. Niliwahi kuharakisha kwenda mchakamchaka, akarudia kuvuta, tukarudi kwenye kutembea wiki nzima. Sioni njia ya mkato hapo.

Asubuhi moja nilitoa pumzi, nikakaa mzito, na kabla vidole havijakaza akasimama. Miguu ya nyuma ilikuwa imeingia vizuri chini ya tumbo, shingo imeshuka, sikio moja limegeuka kwangu, anatafunatafuna lijamu taratibu. Niliachia hatamu zote nikampapasa shingo. Tulisimama pale muda mrefu, wala hakuna aliyekuwa na haraka.