Basi la Usiku Kwenda Kumwona Simbu

Nilipanda basi la usiku kutoka Nagoya kwa sababu nauli ya shinkansen, treni yao ya mwendokasi, ingemeza pesa yangu ya chakula. Jumatatu ile, tarehe 15 Septemba 2025, ilikuwa sikukuu ya kuwaenzi wazee huku Japani. Maabara ilifungwa, na hata ingekuwa wazi nisingekuwa na hamu ya kuiona. Makala yangu kuhusu udongo wa mashamba ya mpunga ilikuwa imerudishwa tena, tasnifu imekwama sura ya nne, na wenzangu tulioanza pamoja walishavaa majoho. Tiketi ya mashindano ya dunia ya riadha ya Tokyo niliinunua zamani, nikiwa bado na moyo. Nilikwenda ili isipotee bure, basi.

Safari yenyewe haina la kusimulia: mapazia yamefungwa, taa zimezimwa, hakuna anayekohoa. Nani asiyezikumbuka kelele za basi la Mwanza? Tulishushwa Shinjuku, hapo Tokyo, alfajiri. Nikanunua onigiri, wali uliofinyangwa na kufungwa kwa mwani, nikaula nimesimama pembeni, maana huku kula huku unatembea hakupendezi. Kisha treni hadi Sendagaya, na uwanja huo hapo.

Uwanja wa Taifa ndio ule wa Olimpiki ya 2020, iliyofanyika 2021 viti vikiwa vitupu. Mapaa yake yana mbao, na viti vimechanganywa rangi hivi kwamba sehemu isiyo na mtu huonekana imejaa. Nilipoingia, nilidhani nimechelewa.

Marathoni ya wanaume ilianza saa moja na nusu asubuhi. Nyumbani ilikuwa saa saba na nusu usiku. Mmoja alichomoka kabla ya mlio, wote wakarudishwa. Hebu fikiria, kuwahi kuondoka katika mbio za kilomita 42! Walipotoka uwanjani tukabaki na skrini kubwa, joto, na unyevunyevu wa kutosha kumkumbusha mtu Tanga.

Nilimtafuta Alphonce Simbu. Mwanajeshi huyo wa Singida ninamfuatilia tangu alipokuwa wa tano kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mwaka uliofuata akapata shaba ya mashindano ya dunia London. Olimpiki ya Tokyo, ambayo marathoni yake ilihamishiwa Sapporo, akawa wa saba. Paris 2024 alikuwa wa 17, na hapo wengi tukamfungia kitabu. Mimi pia. Kisha Aprili 2025 akashika nafasi ya pili marathoni ya Boston. Asubuhi hii alikuwa katikati ya kundi, hajitokezi, hahangaiki. Wengine walichomoka wakarudi, wengine wakaachwa. Yeye yumo tu.

Nyuma yangu walikaa Wakenya wawili wenye bendera, sauti zimewakauka kwa kumshangilia Peres Jepchirchir, aliyeshinda ya wanawake Jumapili. Mmoja akaniinamia.

“Dada, huyu wa nyuma kidogo ni wenu?”

“Ni wetu, kaka.”

“Basi tumshike huyo, wetu wamepotea.”

Waliingia uwanjani watatu. Amanal Petros, mzaliwa wa Eritrea anayeiwakilisha Ujerumani, alikuwa mbele na nafasi ilionekana kumtosha. Nyuma yake Simbu, kisha Iliass Aouani wa Italia. Kwenye mita za mwisho Simbu alianza kukimbia kana kwamba ndiyo kwanza anatoka nyumbani. Petros akajirusha kwenye mstari, akaanguka. Hakuna aliyejua. Simbu naye alikuwa anatazama skrini kama sisi.

Wote wawili 2:09:48. Picha ikaamua: Simbu, kwa sekunde 0.03. Usiku uliotangulia, mbio za mita 100 za wanaume ziliamuliwa kwa sekunde 0.05. Marathoni ikawa na pengo dogo kuliko mbio za mita mia! Na hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano haya. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walituletea medali za fedha za Olimpiki kule Moscow 1980. Tangu hapo tumeishi kwa kusimulia.

Nililia, sikatai. Mkenya akanifunika bendera yake. Nikampigia mama, nikisahau kwamba kwao ni saa tisa usiku.

“Mwanangu, kuna msiba?”

“Hapana mama, Simbu ameshinda!”

“Simbu yupi?” Akakaa kimya kidogo. “Haya. Na wewe shule unamaliza lini?”

Swali hilo kwa kawaida hunikera. Safari hii nilimwambia Machi, na nilipolisema nikajua ninalimaanisha. Kilichonigusa hasa ni ile kilomita ya 30 na kitu, pale Simbu asipotazamwa na mtu, wala si medali.

Basi la kurudi lilikuwa la mchana, mapazia wazi, Mlima Fuji umejificha mawinguni. Nikatoa maoni ya wahakiki wa makala yangu, ambayo nilikuwa sijayasoma hadi mwisho tangu yaje. Yalikuwa ya haki zaidi kuliko nilivyodhani. Mawili tu ya kipumbavu. Nilianza kuyajibu tukiwa bado mkoa wa Shizuoka.