Bilauri ya Pa

Jana binti yangu alichuma tunda moja kwenye mche wa ndoo ya upande wa kulia, likamchoma kidole. "Baba, hii ngogwe mbona ina miiba?" Nikamwambia si ngogwe, ni biringanya la Kithai, na miiba iko kwenye kikonyo, ashike tumboni. Akalitazama: duara, la kijani, michirizi myeupe, dogo la kuenea kiganjani. "Lakini ni ngogwe," akasema. Sikubishana. Siku yangu ya kwanza Talaad Thai, soko kubwa la jumla kule Thailand, mimi mwenyewe nilibeba kilo mbili nikiamini nimeziona ngogwe za nyumbani.

Wenyewe huliita makhuea pro. Hiyo pro ni ule mvunjiko wake mdomoni, maana hulitafuna hata bichi, kwa kuchovya kwenye pilipili iliyotwangwa na uduvi uliochachushwa. Ukilingoja likageuka njano umechelewa. Mbegu zimekuwa kahawia, ngumu, na uchungu umeingia.

Basi, Pathum Thani, kulekule Thailand, Agosti 2013, nyuma ya nyumba ya Pa. Pa ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu kule. Nilikuwa na miche kumi na miwili kwenye mstari mmoja, sentimita sitini kati ya mche na mche, kitaluni nilisia Machi. Tuta sikuinua. Udongo wa kule ni mfinyanzi mzito, jembe linanata, nikajiambia mfereji mmoja kando ya mstari unatosha.

Saa nane mchana mche wa tatu ukalegea. Majani yalikuwa kijani kibichi, hakuna doa, hakuna mdudu, yamening'inia tu kama nguo zilizoloa. Nikaona ni kiu. Nikamwaga ndoo nzima. Magharibi ukainuka kidogo, nikafurahi. Kesho yake ukalala, wa nne ukaufuata. Nikaongeza ndoo.

Siku ya tatu Pa akatoka na kisu cha jikoni na bilauri ya maji. Hakunisemesha. Akakata shina la mche wa tatu karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole, akanionyesha ndani: pete ya kahawia chini ya gome. Akakifunga uzi, akakining'iniza ndani ya bilauri, ncha iliyokatwa ikigusa maji tu, akaweka bilauri juu ya ukuta na kunizuia mkono nisiitikise. Ukuta ule ulikuwa bado na alama ya mafuriko ya 2011, mstari wa tope juu ya kiuno changu. Tukasimama. Maji yalikuwa safi kabisa. Dakika ya kwanza, hakuna kitu. Kisha pale penye ncha kikatoka kitu kama moshi, lakini moshi unaoshuka: uzi mwembamba wa rangi ya maziwa, ukafuatwa na wa pili, zikanyooka taratibu hadi kitako cha bilauri. Ungedhani mtu anakamua tui kwa sindano.

"Rok hiao," akasema. Mnyauko. Ule wa bakteria, maana ungekuwa wa ukungu maji yangebaki safi. Hauna dawa, na hukaa udongoni miaka. Husafiri na maji. Pa akaangalia mfereji wangu, akaangalia ndoo, akarudi jikoni.

Tuling'oa mitano pamoja na udongo wake, tukaitupa mbali na mboji, jembe tukalisugua. Siku ile tukachuma yote yaliyobaki, nikataka kupika mimi, angalau nijisafishe. Nako nikaharibu. Niliyakata robo robo, nikayaloweka kwenye maji ya chumvi, kijiko kikubwa kwa lita, ila sikuyafunika kwa sahani. Biringanya huelea, na upande unaobaki hewani hubadilika rangi. Kasimile (wao husema hua kathi, kichwa cha tui) niliikaanga vizuri na viungo mpaka mafuta yakajitenga, nikatia kuku na tui la pili. Kisha nikatumbukiza mabiringanya kabla tui halijachemka. Mchuzi wa kijani ukawa wa majivu. Yanataka mchemko mkali, uyazamishe, bila mfuniko, dakika tano hadi saba, yabaki na mvunjiko. Pa alikula. Akasifu wali.

Msimu uliofuata alinifundisha kubebesha, yaani kuunga kichwa cha mche wa biringanya kwenye shina la mche mwingine, juu ya makhuea phuang, yale madogo ya vichala kama njegere, ambayo mizizi yake huuhimili mnyauko. Huota kwa uvivu, hivyo husiwa kama wiki tatu mapema ili mashina yalingane unene. Unakata mshazari, unabana, unaweka kivulini penye unyevu wiki moja, na kiungo kisiguse udongo kamwe.

Hii miwili ya ndooni sikuibebesha. Na udongo niliuchota nyuma ya banda, palipokuwa na nyanya mwaka juzi, nazo hushikwa na mnyauko huohuo, najua, msiniambie.

Sasa ni saa tisa, Tanga inawaka, na mche wa kushoto umelegea. Biringanya lolote hulegea jua hili, jioni likaamka. Ila na ule wa Pathum Thani uliamka jioni ya kwanza. Bilauri nimeisuuza, iko dirishani. Binti amesimama mlangoni na kopo la maji, anauliza amwagie. Nimemwambia angoje kwanza.