Usiku wa 641

Kabla ya usiku ule wa Ramadhani, niliamini kwamba namba ikishapita bilioni haichunguziki kwa kalamu. Ami yangu, aliyestaafu ukarani wa kuhesabu shehena bandarini Kilindini, ndiye aliyeniondolea imani hiyo barazani kwake Kibokoni baada ya tarawehe, kahawa tungu na kashata zikiwa kati yetu.

Aliniandikia 4294967297, yaani 2 ikizidishwa kwa yenyewe hadi kipeo cha 32, kisha ikaongezwa 1. Alinieleza kwamba mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat, mwanasheria ambaye hisabati ilikuwa starehe yake, alisadiki kuwa namba zote za ukoo huo, ambao kipeo cha 2 huwa 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea hivyo kwa kuzidisha kwa 2, ni tasa, yaani hazigawiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Nne za mwanzo baada ya 3, ambazo ni 5, 17, 257 na 65537, ni tasa kweli.

"Hii inayofuata je, Ami?"

"Itafutie kigawanyo, mwanangu."

Nikaanza na 3, halafu 7, halafu 11, kama tulivyofunzwa shuleni. Ami aliniacha nitaabike kidogo (alikuwa na tabia hiyo), kisha akanizuia. Namba tasa yoyote inayoigawa hii, alisema, ukiipunguza 1 lazima igawike kwa 64, kwa sababu ukianza na 1 ukazidisha kwa 2 mfululizo, na kila mara ukaandika baki tu ya kugawanya kwa namba tasa hiyo, baki hurejea 1 katika hatua ya 64, wala si kabla. Sikuyaelewa yote papo hapo, lakini faida yake niliiona: badala ya kupitia namba tasa 116 hadi kufika kwenye jibu, zilitosha tano, yaani 193, 257, 449, 577 na 641. Kwa hiyo 641 Leonhard Euler, Mswisi, aliivunja dhana ya Fermat mwaka 1732.

Nne za kwanza zilikataa. Nilipogawanya kwa 641, 4294 ilitoa 6 ikabaki 448. Nikashusha 9, ikatoa 7 na kubakisha 2 tu. Zikafuata sifuri mbili, kisha 4, kisha 1, na pale 448 ileile ikajitokeza tena. Safari hii tarakimu ya kushusha ilikuwa 7, ya mwisho, nayo 4487 ni 641 mara 7 barabara. Hakikubaki kitu. Jibu lilikuwa 6700417, na kwa maoni yangu hiyo 448 iliyorudi ilipendeza kuliko hata jibu lenyewe.

Nilipouliza kama 6700417 nayo huvunjika, Ami alinijibu kwamba kanuni ni ileile, na kwamba hapana haja ya kuvuka 2588, kwa kuwa kipeuo chake cha pili hakifiki 2589. Nikaanza upya na 641, nikaendelea na 769, 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113, na kila moja ikaacha baki. Tulipoitwa kula daku, tulikuwa tumekwisha kuthibitisha kwamba ni tasa.