Tulivyofika kilele cha Rocky, mahali pasipo na njia

Karibu kila niliyemuuliza kuhusu vilele visivyo na njia vya milima ya Catskill, jimbo la New York, aliniambia nisubiri kiangazi. Waliobaki wakasema nifuate tu mstari kwenye ramani ya simu. Ushauri mbovu wote! Mimi na dada yangu tumepanda viwili kati ya vilele hivyo, Lone na Rocky, mwishoni mwa Novemba, na kama ni kurudi nitarudi Novemba.

Kiangazi msitu ule umefunga, na mimea inayowasha inakufika mapajani. Majani yakishapukutika unauona mgongo wa mlima unaofuata kupitia matawi matupu, unaulinganisha na ramani, unajua ulipo. Shida ni mwanga. Saa 10:30 jioni jua limeshazama, ndiyo maana tulianza kupanda kutoka barabara ya Peekamoose alfajiri, taa vichwani. Tena vaa rangi ya chungwa kali, usibishane na mtu: msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki huanza Jumamosi ya tatu ya Novemba, na mwindaji hatarajii kukutana na binadamu huko porini.

Kutoka barabarani kuna njia yenye alama za bluu, inayopitia kilele cha Peekamoose mpaka kilele cha Table. Kutoka hapo hadi Lone ni kushika mgongo wa mlima, ila majani yaliyolowa yanafunika mawe na mashimo, na chini yake huwa kuna barafu. Chokoa kwa fimbo kabla hujakanyaga.

Kazi yenyewe ni kati ya Lone na Rocky. Misonobari imebanana mno, matawi makavu yanakuchoma usoni (miwani ni lazima, hata kama unaona vizuri), na unapita kwa kutanguliza bega. Humo mshale wa simu unayumba, kwa sababu unatembea polepole mno na simu haijui umeelekea wapi. Baridi nayo inamaliza chaji. Yangu ilikaa mfuko wa ndani, imezimwa.

Tulitumia dira, ya dola 30 na kitu. Kwanza niliirekebisha, maana huko sindano hupotoka karibu nyuzi 13 magharibi ya kaskazini halisi. Ukipuuza hilo, kila kilomita moja unakosea zaidi ya mita 200. Halafu dada akatangulia. Mimi nilisimama palepale, dira kifuani, nikimwelekeza: "Kulia, dada. Kulia tena. Hapo hapo, simama!" Anakwenda mpaka nakaribia kuipoteza ile chungwa ya koti lake, anasimama, namfuata hadi alipo, namtuma tena. Yeye ndiye alikuwa alama yangu, maana kuchagua mti wa kuulenga hakusaidii pale ambapo miti yote inafanana na ukizunguka kichaka kimoja umeshaupoteza. Ni polepole, nakubali. Lakini hatukuwahi kurudi nyuma hata hatua moja, na tulitokea juu karibu kabisa na kile kikopo cha chuma kilichofungwa kwenye mti, chenye daftari la kuandika majina, kilichowekwa na klabu ya Catskill 3500. Orodha yao ni ya vilele vya futi 3,500 na zaidi; Rocky imeandikwa futi 3,508, yaani imeingia kwa futi 8 tu. Mandhari hakuna, ni misonobari pande zote, na nilifurahi kupita nilivyofurahi kwenye kilele chochote chenye mandhari.

Kurudi, kutoka Lone sikulenga kilele cha Table. Nililenga kushoto kwake kwa makusudi. Ukilenga pale pale halafu ukaikuta ile njia ya alama za bluu, hujui kilele kiko upande gani. Sisi tulijua tutaikata njia kati ya Table na Peekamoose, kisha ni kugeuka kushoto tu, kuelekea Peekamoose na barabarani. Tuliikuta mwanga ungalipo, tukanywa chai ya chupani, tukawasha taa, tukashuka.