Mazimwi walimkosea nini?

Jana usiku binti yangu wa miaka minane alitaka tusome tena hadithi ya Momotaro, yule mtoto wa Kijapani aliyetoka ndani ya tunda la pichi ambalo bibi kizee aliliokota mtoni alipokuwa akifua nguo. Kitabu chetu ni cha Kiingereza, nami humfasiria papo hapo, kazi ambayo siwezi kujivunia: kiji, ndege mwenye mkia mrefu anayefuatana na mbwa na tumbili kwenda vitani kwa ujira wa kidonge kimoja cha unga, nimemgeuza kwale, na ili aelewe vidonge vyenyewe, vya nafaka ndogo ya manjano iitwayo kibi, nilimletea ulezi kiganjani kutoka jikoni.

Tulipofika pale Momotaro anaporudi kutoka Kisiwa cha Mazimwi na mkokoteni uliosheheni hazina, alinishika mkono nisifunue ukurasa, akauliza, "Baba, kwani hao mazimwi walimkosea nini?"

Nilirudi nyuma kurasa mbili nikitafuta kosa, nisilione. Yako masimulizi yanayosema kwamba mazimwi walikuwa wakipora vijiji, lakini letu lilikuwa kimya, na nusura nimjibu kwamba zimwi ni zimwi tu, jibu nililopewa mimi utotoni. Nilinyamaza kwa sababu nilimkumbuka Fukuzawa Yukichi, mwanzilishi wa shule iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Keio, ambaye sura yake ilikuwa kwenye noti ya yeni 10,000 kuanzia mwaka 1984 hadi noti mpya zilipotolewa mwaka 2024. Mwaka 1871 aliwaandikia wanawe wawili wadogo mafunzo ya kila siku, na humo aliwaambia waziwazi kwamba Momotaro ni mwizi, kwa kuwa hazina ile ilikuwa na wenyewe.

Binti yangu alifurahi mno kuungwa mkono na mtu wa kwenye noti.

Kilichobaki sijamwambia. Katika filamu ya katuni ya mwaka 1943, iliyotengenezwa kwa msaada wa jeshi la majini la Japani, Momotaro ni kamanda wa ndege za kivita, na Kisiwa cha Mazimwi ni Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani huko Hawaii ambayo Japani iliishambulia mwaka 1941. Nilikuwa nikipima namna ya kulianza jambo hilo pale aliponiuliza, akiwa amekwisha kujifunika shuka, kama watoto wa Fukuzawa ndio waliouliza kwanza, au baba yao aliwaandikia kabla hawajauliza.