Siku niliyokosea jina la marehemu

Nilijua mambo yameniharibikia siku niliyosimama kando ya kaburi nikamtaja marehemu kwa jina la mtu tuliyemzika juma lililotangulia. Mjane aliinua macho akanitazama, asiseme kitu. Mwanawe ndiye aliyenisahihisha, kwa sauti ya chini, nami nikaendelea kuomba huku jasho likinitoka.

Wiki ile nilikuwa nimehubiri mara nne, nimesuluhisha ugomvi wa wanandoa, nimekesha na mgonjwa. Katikati ya hayo, simu: kikundi cha wazee, cha vijana, cha akina mama, na muumini mmoja, mtu mwema kabisa, ambaye kila Jumapili jioni alinitumia klipu ya mhubiri maarufu: "Mchungaji, msikilize na huyu." Ibada zetu zilirushwa mubashara, na nilikuwa nimezoea kuangalia idadi ya watazamaji kabla hata sijavua koti. Biblia niliifungua kutafuta mahubiri tu. Maombi yangu ya faragha yalikuwa yamekwisha, sikumbuki tangu lini.

Usiku ule nikarudia Kutoka 18, Yethro anapomkuta mkwewe Musa ameketi kuamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni. Sura hiyo nimeihubiri sana, kila mara kama somo la uongozi: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini, wa kumi. Sikuwahi kuzingatia kwamba Yethro anamwonya Musa kuwa atachoka yeye pamoja na watu wake. Kumbe foleni nayo inachosha.

Nikawaita wazee wa kanisa, nikawaeleza yote, pamoja na lile la makaburini. Nilitarajia lawama. Mzee mmoja akasema, "Sisi tulidhani unapenda iwe hivyo, mchungaji. Hata ukisafiri, funguo za ofisi unaondoka nazo."

Ilinichoma, kwa sababu ni kweli. Mizigo mingine nilitwishwa, lakini mingine niliing'ang'ania mwenyewe. Kupigiwa simu saa nane za usiku kulinipa raha fulani, ya kujiona bila mimi hakuendi kitu.

Tukagawana ziara za wagonjwa na wafiwa kwa zamu. Jumatatu nazima simu. Mwenye dharura anampigia mzee wa zamu. Kijana anayerusha ibada nilimwomba asinitajie idadi. Kwa mjane nilikwenda kuomba radhi, akaniambia siku ile alinihurumia kuliko alivyokasirika. (Siku hizi jina la marehemu naliandika kwenye karatasi, hata akiwa rafiki yangu.) Familia moja ilihama, ikisema mchungaji anawakwepa watu. Niliwatembelea mara moja, hawakubadili nia, nikawaachia.

Jumatatu ya tatu mgonjwa mmoja alizidiwa, na mama mmoja katika wazee wetu ndiye aliyekwenda kumwombea. Jumanne nikafika na mimi. Mgonjwa alinishukuru sana kwa kuja, kisha akauliza yule mama atarudi lini.